Saruji Ilikuwa Yangu

Ibra, Jumatano, baada ya alasiri

Zuwena,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: umenuna tangu Jumapili, chai hunywi mpaka ipoe, na sasa hivi umekwenda kwa mwalimu wako kumwambia kuwa chuo cha uuguzi umekiacha. Hali yangu na wewe unaijua. Nimekaa juu ya paa, nimeegemea ukingo, karatasi nimeiweka juu ya sinia la kahawa, na jua linanipiga ubavuni. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu hasira zangu haziji kwa Kiarabu. Najua utakisoma polepole, na ndivyo nitakavyo.

Sitakwambia uvae nini wala ule nini huko Nizwa. Mtu wa miaka kumi na minane kama hajui kufua nguo zake, barua haitamfundisha. Sitakwambia uswali, maana wewe ndiye unayeniamsha mimi. Nataka kukupa habari ya paa hili na habari yangu. Hizo mbili zimeshikana, na hakuna mtu aliye hai anayezijua kwa ukamilifu ila mimi.

Nianze na Jumapili. Ami yako Salim alikuja, akakaa barazani, akanywa kahawa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kisha akasema alilokuja kusema.

"Ya Zuwena, huko Nizwa utafundishwa kuwaosha wanaume usiowajua, na hiyo kwetu ni ayb, ni aibu. Lakini tuliache hilo. Mama yako atakaa na nani? Nyumba hii khalas, imekwisha. Marhum ndugu yangu aliiharibu kwa saruji yake, Allah yarhamu, na siku moja itamwangukia mjane wake. Ukenda wewe, mimi namchukua kwangu na hapa napiga kufuli."

Ukatazama dari. Nilikuona. Ulitazama boriti ya tatu kutoka mlangoni, ile iliyopinda, ukasema kwa sauti ndogo, "Basi siendi."

Na mimi nikanyamaza. Nimekwisha kunyamaza mara moja katika maisha yangu mahali ambapo ningesema, na matokeo yake umeishi nayo bila kuyajua. Kwa hiyo soma.

Tulipofika Ibra, mwanzo wa miaka ya sabini, wewe ulikuwa na miaka mitatu na mimi nilikuwa na kiburi cha miaka ishirini na sita. Baba yako alizaliwa katika nyumba hii. Alikwenda Unguja kijana, akafungua duka, akanioa. Mambo yalipoharibika kule tulihangaika Mombasa miaka kadhaa, mpaka mlango wa Oman ulipofunguliwa, akasema twende kwa mama. Njia nzima alinisifia nyumba: ya babu yake, ina boriti za mtende, ina mlango wa kuchongwa, ina kisima uani. Hakuniambia kuwa ni ya udongo. Kwake hilo halikuwa jambo la kusemwa, kama vile mtu asivyokwambia kuwa mama yake ana pua.

Mimi ni mtoto wa Malindi, Unguja mjini, nyumba ya mawe na chokaa, ghorofa mbili. Kwetu nyumba ya udongo ilikuwa nyumba ya mtu aliyekosa. Nakwambia kama nilivyofikiri, silipambi. Tukipita Ng'ambo mama yangu alitukataza kuegemea kuta za watu tusije tukachafua nguo. Sasa nimesimama na sanduku langu mbele ya mlango wa babu wa baba yako, mlango wa heshima kweli kweli, na ukuta uliousimamisha una mabua yametokeza kama ndevu za mzee. Nililia. Bibi yako alidhani nalia kwa furaha ya kufika, akanikumbatia.

Bibi yako Zayana, mavyaa wangu, alijua maneno mawili ya Kiswahili, "njoo" na "kula". Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni. Siku ya tatu alinipandisha hapa juu kunionyesha paa kama vile wengine wanavyoonyesha dhahabu za harusi. Akavua viatu, akapiga kisigino, akasikiliza. Akasogea hatua mbili, akapiga tena. Pazima hutoa sauti nzito na pabovu husikika uwazi ndani, na yeye alitaka nijue tofauti. Mimi niliona bibi kizee anapiga mateke udongo.

Paa la udongo huzeeka mbele ya macho ya watu. Likiwa jipya ni la kahawia nzito na lina harufu ya shamba lililotoka kumwagiwa maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Likikauka hupauka likawa na rangi ya mkate. Kiangazi hulipasua nyufa nyembamba, upepo ukalikwangua, mabua yaliyochanganywa na udongo yakatokeza na kung'aa asubuhi. Vumbi lake hukuangukia kitandani, unaamka una mchanga masikioni. Ikija mvua ya baridi hulainika juu kidole kimoja, na maji yakafuata mteremko mpaka kwenye mlizamu, ule mdomo wa mti unaoyamwaga njiani. Kila mwaka kabla ya baridi lazima lipakwe upya, na halipakwi na mtu mmoja.

Zamani zile mwenye nyumba alisimama hapa ukingoni baada ya sala akaita, "Kesho paa letu!" Basi, imetosha. Kesho yake watu walikuja na makapu na majembe, wanaume juu, wanawake kwenye udongo na maji na masufuria ya harisi, na kwako kukimalizika mnahamia kwa jirani. Mwaka wa kwanza mimi nilijificha jikoni. Watu arubaini walitembea juu ya kichwa changu wakicheka, na mimi niliamini wananicheka mimi. Pengine walinicheka kidogo. Waliniita Zinjibariya, mwanamke wa Unguja. Mmoja aliniuliza kama ni kweli kwetu tunapika ndizi na samaki chungu kimoja. Ni kweli, na ni tamu, lakini sikuwa na Kiarabu cha kumjibu.

Mwaka wa pili nikamwambia baba yako nataka saruji.

Malori yalikuwa yameanza kuja na mifuko kutoka Sur, kupitia Al Kamil. Skuli ilikuwa inajengwa, zahanati inajengwa, kila kipya kilikuwa cha kijivu na kila mtu alikuwa akikipapasa kwa mkono. Nikamwambia kwetu babangu alipiga sakafu ya juu mara moja na hakuigusa tena. Nataka paa la kupigwa mara moja. Nimechoka kukaa jikoni kama mwizi kila watu wakija.

"Mama hatakubali," akasema.

"Basi chagua. Mimi au udongo."

Nilisema hivyo, Zuwena. Na sanduku nilikuwa nimelifunga tayari, nimelisimamisha karibu na mlango alione.

Akanichagua mimi. Akamwambia mama yake kuwa ni shauri lake mwenyewe, na sokoni akasema hivyo hivyo. Nusu aliona haya kuonekana anaendeshwa na mke wa Unguja, nusu alitaka kunilinda. Sikumwomba anilinde, wala sikumkataza.

Mwaka ule Bi Thuraya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na kapu lake kichwani kabla hata hatujaita. Nilimsimamisha mlangoni. Nilikuwa nimeshajifunza Kiarabu kidogo, na sentensi hiyo niliifanyia mazoezi tangu asubuhi. "Hatuwahitaji tena." Nilikuwa na maneno mengine yenye adabu zaidi. Nilichagua hayo. Aligeuza kapu lake akaenda zake, na mimi nikafunga mlango nikihisi nimeshinda vita.

Sitaki kusema uongo, saruji ilipendeza. Nilitembea juu yake bila viatu. Nilianika nguo, nilianika pilipili, nilikaa hapa jioni nikajiona niko kwetu. Mavyaa wangu alipanda siku moja, akapiga kisigino, akasikiliza. Kisha akanitazama mimi, hakumtazama mwanawe.

"Ma yitnaffas," akasema. Halipumui.

Akashuka, na miaka miwili hakukanyaga tena hapa juu.

Saruji nayo inazeeka, lakini kwa siri. Juu ilibaki nyororo kama siku ya kwanza, na chini yake udongo ulikuwa umefungiwa na unyevu wake kama wali uliofunikwa ungali moto. Ulitokea ufa mmoja pale inapokutana na ukingo, mwembamba wa kupitisha uzi. Nikauziba kwa saruji nyingine. Maji yakawa yanaingia wala hayapati njia ya kutoka, na boriti zikaoza kwa upande wa juu ambao mtu aliye chumbani hauoni. Ukikaa chini ukitazama dari, kila kitu kizima. Mimi nilikuwa nikikaa chini, nikitazama, nikiridhika.

Siku yenyewe unaikumbuka, ulikuwa na miaka sita. Lakini unaikumbuka kitoto: vumbi, na bibi kukuvuta nywele. Wiki nzima ulimchukia kwa kukuvuta nywele. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tumemaliza kula cha mchana, mimi naosha masinia uani, wewe na bibi mko chumba kirefu. Alisema baadaye kuwa alisikia kitu kama unga unachungwa. Hakutazama juu. Alikushika msuko akakutupa kwenye kizingiti, pale ukuta ulipo mnene, na yeye akachelewa hatua moja. Udongo ungemwagika kidogo kidogo, ungemchafua tu. Saruji ilikuja yote kwa pamoja, na bamba moja likaupata mkono wake wa kulia.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Hakuna aliyejua nasema nini, na wote walikuja. Bi Thuraya hakuzunguka mlangoni, aliruka ukuta, mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano. Watu niliowaambia siwahitaji walifukua kwa mikono mpaka magharibi, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha. Ningefurahi wangenikumbusha.

Kisha baba yako akasimama juu ya kifusi, kanzu imekuwa nyeusi, akasema mbele ya mtaa mzima, "Saruji ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemvunja mama yangu mkono."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimekubeba. Pumzi nilikuwa nayo. Kiarabu cha kutosha nilikuwa nacho. Nikanyamaza.

Aliishi miaka saba mingine na jina hilo. Nassor wa saruji. Watoto walimwita hivyo njiani, na watu wazima walipotaka kumtania walimwuliza bei ya mfuko Sur. Alicheka nao. Akifika nyumbani hakuniambia neno, wala kwa jicho. Nimemlilia mume wangu kwa mambo mengi, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Usidhani nakuandikia nikupigie magoti. Kutaka kitu kigumu kilichosimama sikujutii, nilikuwa nimetoka mahali ambapo kila kitu kilianguka. Ninalojutia ni hilo sanduku mlangoni, na hiyo sentensi niliyomwambia Bi Thuraya, na kunyamaza kwangu juu ya kifusi. Nimeyataja mara moja na sitayataja tena.

Wiki tatu baadaye mavyaa wangu alipandishwa hapa juu, mkono umefungwa plasta nyeupe, akawekwa juu ya mto kama bibi harusi. Boriti mpya zilikuwa zimeshalazwa, na makuti, na mikeka. Akanionyesha ndoo ya udongo. Nikachukua mwiko wa chuma wa fundi.

"La," akasema. "Bi yadish." Kwa mkono wako.

Mwiko hupita juu ya jiwe ukalificha, mkono ukalihisi. Alinifundisha miaka minne, kwa kunipiga vidole kila nilipoharakisha. Nilijifunza kutengeneza mteremko kwa kumwaga kikombe cha maji na kuyafuata. Nilijifunza kupiga kisigino. Kiarabu changu chote kizuri ni cha juu ya paa, ndiyo maana sokoni wananiambia nasema kama fundi.

Mwaka wake wa mwisho nilimwambia. Tulikuwa wawili tu, pale karibu na mlizamu. Nikasema, "Mama, saruji ile ilikuwa yangu, haikuwa ya Nassor."

Aliendelea kulainisha kwa mkono wa kushoto. "Najua," akasema. "Mwanangu tangu nimzae hajapata kuwa na wazo lake mwenyewe."

Tulicheka mpaka nikashika ukingo nisianguke. Kisha akaacha kucheka. "Mimi usiniambie. Waambie hao wanaosema." Sikuwaambia. Akafa yeye, baada ya miaka mitatu akafa baba yako, na mimi bado nilikuwa natafuta siku nzuri.

Ukitaka kujua kwa nini uliogopa Jumapili, sababu ni hii hapa. Tangu paa lile lianguke, nyumba hii haijaita watu. Baba yako aliona haya kwa saruji ambayo si yake, mimi kwa kunyamaza kwangu. Tumepaka wenyewe kila mwaka: yeye, mimi, wewe na ndoo yako ndogo, na kibarua mmoja wa Kibaluchi aliyetuonea huruma. Wewe umekua ukijua kuwa paa ni kazi ya nyumba moja. Kwa hiyo ulipomsikia ami yako, ulihesabu mikono. Ukaona ukiondoka inabaki miwili, na mmoja una baridi yabisi. Hesabu yako haina kosa. Mimi ndiye niliyekuficha hesabu nyingine.

Jumatatu ulidhani nimekwenda kupima sukari. Nilikwenda kwa ami yako.

Nyumba yake ina miaka minne. Madirisha ya alumini, kiyoyozi kila chumba, tangi la maji juu kama kilemba. Na dari la sebule, ambako ametundika taa ya vioo, lina doa la kutu linalotambaa kutoka nyuma ya ile taa. Vyuma vya ndani vimeshaanza kuoza. Nilikaa chini yake nikalitazama makusudi mpaka akaona nalitazama.

"Salim," nikamwambia, "saruji ilikuwa yangu. Nilimwambia ndugu yako achague, mimi au udongo. Aliniweka nyuma ya jina lake, nami nikakaa huko miaka kumi na miwili."

Mkewe aliacha kumenya komamanga.

"Wallah unasema hivyo kwa ajili ya msichana," akasema Salim.

"Nasema kwa sababu ni kweli. Ukitaka kumlaumu mtu, nipo mbele yako. Nassor mwache alale."

Akalitazama lile doa. Kisha akasema, "Hata hivyo sitampeleka Nizwa mimi. Na hilo paa likikuangukia usiniite."

"Likiniangukia, Salim, sitaweza kukuita."

Hakucheka. Baba yako angecheka. Na hilo la ayb nalo nilimjibu, usije ukalibeba mpaka Nizwa. Nilimkumbusha kuwa mama yake alipovunjika, aliyemkata nguo, akamwosha damu na kumfunga mkono alikuwa muuguzi wa Kihindi, mwanamume wala si jamaa yetu, na Salim huyu huyu alimshika yule bwana mkono akiubusu. Siku ile sikusikia ayb. Hapo alinyanyuka akachukua ufunguo wa gari, akasema ana kazi.

Leo asubuhi nikaenda soko la wanawake. Hukutaka kufuatana nami, na nilishukuru. Bi Thuraya alikuwa mahali pake, na nyuzi zake na bukhuri na wanja. Kwa miaka yote hii tunasalimiana, tunapelekeana sahani za Idi juu ya ukuta, na habari ya paa haiguswi. Nikasimama mbele ya kitambaa chake. Sikununua kitu.

"Thuraya, kesho paa letu. Nawahitaji."

Alikuwa anampimia mtu utepe. Aliupima mpaka mwisho, akaukata, akaukunja.

"Miaka kumi na minne, ya Raya," akasema. "Tulikuwa tunajiuliza, mbona hili paa lenu halizeeki?"

"Linazeeka."

"Na wewe?"

"Mimi zaidi."

"Na saruji?" Alinitazama usoni aliposema hilo. Alikuwa anajua, au alikuwa anakisia. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameacha kuuza.

"Ilikuwa yangu. Nassor hakuwa na kosa ila kunipenda."

Akavuta pumzi. Kisha, Mungu anisamehe, mwanamke yule akasimama juu ya sanduku lake akapaza sauti akiwaita wanawake wa soko zima, "Ya banat! Zinjibariya ameomba!" Wakapiga vigelegele kama kuna harusi. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Ibra ni ngumu, haimezi mtu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepata mikono ishirini na mitatu. Ingekuwa ishirini na minne, lakini mume wa Bi Thuraya ana bega moja bovu.

Hesabu upya sasa, ukitoa yako.

Nilipokuwa narudi na udongo wa mfano kwenye kanga nilikumbuka kitu. Ile sakafu ya babangu Malindi, niliyojisifia kwa baba yako kuwa ilipigwa mara moja: nilikuwa na miaka tisa, nilikuwepo. Watu walipanga mistari na vibao mikononi, wakaipiga chokaa siku nzima na siku ya pili na siku ya tatu, wakiimba, jirani na jamaa na watu nisiowajua, mpaka ikawa kitu kimoja. Mimi nilihamia Oman na ugumu wa sakafu tu kichwani. Wale watu niliwasahau. Ndipo nikaenda kununua ugumu kwa mifuko.

Huko Nizwa wasichana wa Manah na wa Sur watakucheka Kiarabu chako kina mkia wa Unguja. Wacha wakucheke. Utakuja kupatwa na hamu ya kuwa mtu asiyemhitaji mtu, maana ni ya kwetu hiyo, umeirithi kwangu pamoja na pua. Mimi nimeshakulipia ada ya somo hilo, usilirudie. Na siku mgonjwa atakapokugeuzia uso ukutani, ana kiu na anaona haya kuomba maji, wewe utamjua kabla ya wenzako. Umelelewa na mmoja.

Boriti iliyopinda haikuwa upande ulioanguka; imepinda tangu kabla bibi yako hajaolewa. Nimeipiga kisigino mara sita leo na iko pale pale. Na sihamii kwa Salim. Sitaki kulala chini ya doa la kutu nikisikiliza kiyoyozi. Waliohama wamehama, mtaa huu nusu umefungwa, najua, naona milango. Wakibaki watu wawili wenye makapu, tutakuwa wawili, na nitaita hapa ukingoni kila mwaka mpaka nikose sauti. Usinifanye mimi kuwa sababu ya kubaki kwako. Nilimfanya baba yako abebe jambo langu, na wewe sitakubebesha.

Kesho Alhamisi wanaume hawaendi kazini. Teksi itakuja saa moja, nimeagiza mwenyewe, na mwalimu wako nilimwona jana asubuhi, tumeshaelewana, kwa hiyo hilo ulilokwenda kumwambia leo sikio lake halitaki kulisikia. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako ukimaliza kusali alfajiri. Usinitafute jikoni. Nitakuwa huku juu tangu kabla ya jua, na Bi Thuraya na wenzake watapandia kwao, wataruka ukuta kama wanavyojua. Pale kwenye mlizamu, sehemu yako ya kila mwaka, atapaka yeye. Nimeshamwahidi, usione wivu.

Sitashuka kukuaga. Nakujua: utanishika shingo, utasema wiki moja tu mama, na mimi nakupenda kiasi cha kusema haya, kaa. Kwa hiyo toa sanduku lako njiani, simama chini ya mlizamu, tazama juu. Niinulie mkono, nami nitakuinulia wangu wenye udongo. Kisha ingia garini. Ukirudi ndani kunifuata utapata tabu bure. Hivi unavyosoma, ngazi nimeshaivuta juu.

Mama yako,
Raya wa saruji